Rola kosta inayotikisa: tatizo si reli peke yake

Wengi huamini kwamba rola kosta kuukuu (treni ya burudani inayopanda, kushuka na kupinda kwa kasi) ikianza kuwarusharusha abiria, basi reli zimechakaa na hakuna dawa ila kuzing'oa. Si kweli. Mara nyingi kinachoumiza ni treni yenyewe.

Chukua rola kosta ya mbao. Behewa refu lenye ekseli mbili (mihimili ya magurudumu) zisizogeuka haliwezi kuufuata mkunjo wa kona vizuri. Magurudumu huburuzwa kwa ubavu, yakasugua reli na kuitikisa. Mabehewa mafupi yenye safu moja ya viti, yaliyoungwa kwa viungo vinavyogeuka, hupita kona hiyohiyo kwa utulivu zaidi. Uzito nao una lake: treni nzito hugonga reli kwa nguvu zaidi, kwa hiyo treni isiyofaa huchangia ubovu ambao baadaye reli hulaumiwa peke yake.

Kwenye rola kosta za chuma, kero kubwa kwa maoni yangu ni vizuizi vigumu vya mabegani, vile vinavyomshikilia abiria kitini. Mtikiso mdogo tu, kichwa kinajigonga. Mwaka 2015 Space Mountain, rola kosta ya bustani ya burudani ya Disneyland Paris, Ufaransa, ilipewa treni mpya zenye vizuizi laini vyenye umbo la fulana, njia ikibaki ileile.

Hata hivyo, treni mpya haziponyi kila kitu. Gwazi, rola kosta ya mbao ya Tampa, Marekani, ilibadilishiwa treni mwaka 2011, lakini ikafungwa mwaka 2015. Baadaye ilijengwa upya kwa reli za chuma, ikafunguliwa mwaka 2022 kwa jina la Iron Gwazi.