Hapana, cheti cha nane hakitakupa kazi ya tehama

“Kaka, niongeze cheti gani?” Wiki hii kijana wa tatu ameniuliza hivyo. Amehitimu sayansi ya kompyuta, ana vyeti saba vya kozi za mtandaoni, na mwaka mzima hajaitwa kwenye usaili hata mmoja. Mimi huchuja maombi na kusaili watu wa tehama kwa niaba ya kampuni za hapa Dar es Salaam, na swali hili limenichosha. Nyuma yake kuna imani inayowala vijana wetu muda na fedha: kwamba kwa kuwa soko lina uhaba wa wataalamu, mwenye vyeti vingi lazima atachukuliwa.

Uhaba upo, ila si wa waliosoma. Nikitangaza nafasi ya mwanzo, maombi yanamiminika. Wanaokosekana ni wale waliokwisha kuubeba mfumo unaotumika, ukawaangukia usiku, wakauinua. Kampuni ya Andela ilianzia Lagos mwaka 2014 kwa wazo la kuwanoa vijana wa Afrika na kuwaunganisha na waajiri wa nje. Mwaka 2019 iliwaachisha kazi mamia ya wanaoanza katika Nigeria, Uganda na Kenya, kwa sababu wateja walitaka wenye uzoefu. Tangu hapo miaka imepita, nasi bado tunaulizana habari za vyeti!

Kwenye usaili huwa naweka mezani karatasi ya kumbukumbu za mfumo wa malipo. Mteja amelipa kwa simu, mtandao ukakatika, ombi likatumwa tena, fedha zikakatwa mara mbili. Ungezuiaje? Kijana wa vyeti saba alinieleza maana ya API, yaani njia ya programu mbili kuzungumza, vizuri kabisa, kisha akanyamaza. Binti aliyemfuata alikuwa na stashahada tu, lakini alikuwa amewatengenezea akina mama wa kikoba cha mtaani kwao mfumo wa kuandika michango. Alipitisha kidole kwenye saa za miamala ile miwili, akaona zimepishana sekunde nane. “Kila ombi lipewe namba yake ya kumbukumbu tangu kwenye simu,” akasema. “Namba hiyo ikija mara ya pili, mfumo urudishe jibu lile lile la kwanza, usikate tena.” Alijuaje? Mama mmoja aliwahi kuandikiwa hisa mara mbili, kikao kizima kikamgeukia binti mwenyewe. Tulimchukua.

Kwa hiyo ushauri wangu kila siku ni kikoba. Kina hisa, mikopo, riba, faini za wachelewaji, na watu wasiokubali kuibiwa hata shilingi mia. Tengeneza mfumo wao, uendeshe miezi sita, andika kwenye daftari kila siku mfumo ulipogoma na wewe ulichofanya. Njoo na daftari hilo kwenye usaili. Fedha ya cheti kingine lipia bando.

Yapo na maneno mengine ninayoyasikia kwa vijana. “Meta na Google wamepunguza watu, tehama imekufa.” Meta, kampuni ya Facebook, iliondoa watu 11,000 Novemba 2022, Google 12,000 Januari 2023. Kampuni hizo ziliajiri kwa pupa wakati wa Korona, kisha riba za mikopo zikapanda. Benki ya hapa Posta inayotafuta mtu wa kulinda mifumo yake haikuingia kwenye pupa ile.

“Akili unde (AI) imemaliza kazi.” Imepunguza kazi ndogo ndogo tulizokuwa tunawapa wanaoanza, na hilo linaniuma. Lakini programu iliyoandikwa na mashine lazima ikaguliwe na mtu anayejua itavunjikia wapi.

“Tehama ni kuandika programu.” Si hiyo tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inataka taasisi ziwe na afisa wa kusimamia ulinzi wa taarifa hizo. Waombaji wanaoijua sheria hiyo na kuielewa hifadhidata kwa pamoja nawatafuta kwa tochi.

“Lugha ya mwaka huu ni ipi?” SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ipo tangu miaka ya 1970 na benki zinaitumia leo asubuhi. Wengi ninaowasaili hukwama kwenye kuunganisha majedwali mawili tu, mteja na miamala yake. Anza hapo, leo hii.