Riwaya za msiba wa kaka au dada: kabla hujaomba kitabu kiondolewe rafuni

Malalamiko kuhusu riwaya za vijana zinazosimulia kifo cha kaka au dada yameongezeka kwenye kaunta zetu za maktaba. Wazazi wengi wanaoyaleta wana nia njema: wanaogopa kitabu kitamtonesha mtoto kidonda. Lakini mtoto aliyefiwa anaishi na kidonda hicho kila siku, na mara nyingi yeye ndiye wa mwisho nyumbani kuulizwa hali yake, kwa sababu pole zote huenda kwa baba na mama.

Chukua aina ya sura inayolalamikiwa sana. Dada wa mhusika alikufa akiwa na miaka 16, naye mdogo mtu sasa anafikisha 17. Amempita mkubwa wake. Viatu alivyorithi vinambana, na anamkasirikia marehemu kwa kumwachia ukubwa ambao haukuwa wake. Kijana aliyefiwa akiisoma hugundua kwamba hasira yake ina mwenzake, na hapo ndipo wengi huanza kuzungumza.

Tunaambiwa pia kwamba mhusika “haombolezi inavyopaswa” kwa kuwa anacheka matangani, au hapitii hatua tano za majonzi: kukana, hasira, kujadiliana, huzuni na kukubali. Hatua hizo daktari Elisabeth Kübler-Ross aliziandika mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa, si wafiwa. Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwendo ulio karibu zaidi na hali halisi: mfiwa huingia kwenye uchungu, hutoka akashika shughuli zake, kisha hurudi tena. Mtoto analia saa nne, saa tano yuko kwenye mpira. Tafadhali, hoja ya hatua tano isiletwe tena kwenye fomu.

Fomu yenyewe ni ya kitabu kupitiwa upya, na inapatikana kaunta. Jaza jina la kitabu, namba yake ya rafu, kurasa zinazokusumbua, madhara unayohofia, na kama umekisoma chote. Ukijibu “hapana”, fomu itarudishwa. Picha ya ukurasa mmoja iliyozunguka kwenye simu haipokelewi, maana ukurasa wa hasira hueleweka kwa kurasa zinazoufuata. Kitabu hubaki rafuni hadi kamati itoe uamuzi kwa maandishi. Mzazi anaweza kuomba mtoto wake asiazimishwe kitabu fulani. Juu ya mtoto wa mwenzake hana mamlaka. Kuchana kurasa, kuzipaka wino au kukificha kitabu nyuma ya rafu ni uharibifu: aliyefanya hivyo hulipa bei ya nakala mpya na gharama za kuiandaa, na kadi yake husimamishwa hadi deni liishe. Kurasa zilizochanwa kisha zikagandishwa tena kwa gundi hazipunguzi deni.

Ukiamua kumpa mtoto aliyefiwa kitabu cha aina hii, kisome wewe kwanza, hasa sura ya kifo. Kama kifo hicho kinafanana na cha nyumbani, iwe ajali, ugonjwa au kujiua, mwambie mtoto kabla hajaanza. Sura moja au mbili zinatosha kwa siku, na zisiwe za kitandani. Usimuulize amejifunza nini. Muulize mhusika anajilaumu kwa lipi, kisha nyamaza usikilize. Watoto wengi huamini ugomvi wao wa mwisho ndio uliomuua ndugu yao. Mwambie waziwazi kwamba maneno ya ugomvi hayaui, na umtajie sababu halisi ya kifo. Walio chini ya miaka 7 wangoje: wengi bado hawajaelewa kwamba aliyekufa harudi, na wakiambiwa “amelala” huogopa kulala.

Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika 2022, huyahesabu majonzi kuwa tatizo la kiafya yakidumu angalau miezi 6 kwa ukali unaovuruga maisha na kupita desturi za jamii husika. Mtoto akisema anataka kumfuata marehemu, usingoje miezi hiyo: usimwache peke yake, na mpeleke kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Akirudisha kitabu kabla hajakimaliza, kipokee bila maswali. Anaweza kukiazima tena wakati wowote.