Mtambo wa mafuta wa Changamwe: yanayosemwa na yaliyotokea

Utaje mtambo wa kusafishia mafuta wa Changamwe mbele ya Wamombasa wawili na utapewa visa vitatu. Vingine vina chembe ya ukweli. Vingi havina.

"Ni serikali ya uhuru iliyoujenga." Sivyo. Kampuni ilianzishwa mwaka 1960, mkoloni akiwa bado yuko madarakani, nayo ilikuwa mali ya kampuni za kigeni, Shell na BP zikiwa mbele. Jina lake lilikuwa East African Oil Refineries, na halikuwa la mapambo tu: walilenga soko la Afrika Mashariki nzima. Mtambo ulianza kazi mwaka 1963, sehemu ya pili ikaongezwa mwaka 1974. Serikali ya Kenya ilinunua nusu ya hisa mwaka 1971, na jina la Kenya Petroleum Refineries likaja mwaka 1983.

"Ulikuwa ukisafisha mafuta ya Kenya." Yapi hayo? Mafuta ya Turkana yaligunduliwa kwenye kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012, mtambo ukiwa umebakiza mwaka mmoja wa kufanya kazi. Kwa miaka yote hiyo mafuta ghafi yalishushwa bandarini kutoka Ghuba, yakiwemo ya aina ya Murban kutoka Abu Dhabi. Tena kwa muda mrefu kiwanda hakikununua mafuta hayo wala kuyauza. Yalikuwa mali ya kampuni za mafuta, nacho kililipwa ujira wa kuyasafisha, kama vile kinu cha kusaga mahindi ya watu.

"Tukisafisha wenyewe, bei kwenye pampu itashuka." Hii ndiyo dhana iliyoshika mizizi kuliko zote, na nakiri kwamba kwa kuitazama juujuu ina mantiki. Tatizo ni kile kinachotoka kwenye pipa. Ukichemsha mafuta ghafi unapata gesi, petroli, mafuta ya taa na dizeli, na chini yanabaki mafuta mazito meusi ya kuchomea matanuri na mitambo ya umeme. Viwanda vya kisasa vina vitengo vya kuyavunjavunja mabaki hayo yakageuka petroli na dizeli. Changamwe haikuwa na kitengo hicho. Sehemu kubwa ya kila shehena iliishia kuwa mafuta mazito, ambayo kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko hata mafuta ghafi yenyewe. Hasara hiyo lazima ifidiwe mahali, nayo ilifidiwa kwenye petroli na dizeli.

Kwa nini basi kampuni za mafuta ziliendelea kuutumia? Kwa sababu sheria iliziamuru. Kila kampuni ilipaswa kupitisha Changamwe kiwango fulani cha mafuta yake, ipende isipende. Tena gharama haikuishia hapo: umeme ulipokatika mtambo ulisimama, na kuuwasha upya haikuwa kazi ya dakika tano.

Halafu kuna ukubwa. Mtambo ulisanifiwa kusafisha tani milioni 4 kwa mwaka, lakini katika miaka ya mwisho ulifikia takriban tani milioni 1.6, yaani mapipa kama 30,000 na kitu kwa siku. Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, Jamnagar nchini India, kuna kiwanda chenye uwezo wa kusafisha zaidi ya mapipa milioni 1.2 kwa siku. Changamwe ingeshindanaje na hicho?

"Wahindi wa Essar ndio waliouua." Essar, kampuni ya India, walinunua nusu ya hisa mwaka 2009, Shell, BP na Chevron zilipoamua kujitoa. Waliahidi ukarabati ambao gharama yake ilikadiriwa kupita dola bilioni 1, kisha wakasema hesabu haziwalipi. Mtambo ulisimama Septemba 2013, na mwaka 2016 serikali ikachukua hisa zao kwa dola milioni 5. Wanaowashuku husema walikuwa na kiwanda chao kikubwa cha kusafishia mafuta huko Vadinar, India, kwa hiyo hawakuwa na haja ya kuifufua Changamwe. Huenda. Lakini mtambo waliukuta mkongwe, na viwango vya mafuta safi vilikuwa njiani: kuanzia Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa kidogo sana, ambayo Changamwe haingeweza kuitoa bila ukarabati huohuo.

"Mafuta ya Turkana yataufufua." Yalishafika pale. Kuanzia 2018 malori yaliyabeba kutoka Lokichar hadi Changamwe, lakini hayakusafishwa. Yana nta nyingi, huganda yakipoa, kwa hiyo yaliwekwa kwenye matangi yenye joto hadi Agosti 2019, mapipa 200,000 na ushee yalipopakiwa melini na kuuzwa nje yakiwa ghafi.

"Sasa ni chuma chakavu tu." Kwa upande wa usafishaji, ndiyo. Matangi ni habari nyingine. Kampuni ya mabomba ya Kenya iliyakodi mwaka 2017 na kukichukua kiwanda chote mwaka 2023, kwa sababu nafasi ya kuhifadhi mafuta karibu na bandari ni mali. TIPER, kampuni ya kusafishia mafuta ya Kigamboni, Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1966 kwa ubia na Waitaliano, ilishapitia njia hiyohiyo mapema zaidi: iliacha kusafisha, sasa inahifadhi.