Je, wajua kwanini vipimo vinasema uko sawa na bado umechoka?

Hili swali naliskia sana hapa Arusha, hasa kwa kina mama. Mtu kalala vizuri tu lakini asubuhi mwili mzito, miguu haitaki, ngazi chache pumzi inakata, basi anaenda hospitali, malaria hamna, UTI hamna, damu anaambiwa iko vizuri, anarudi nyumbani na panadol na maneno ya "pumzika mama, ni stresi tu". Wiki mbili mbele yuko vilevile. Na nyumbani wanaanza kumwona mvivu, hapo ndo panauma kuliko hata uchovu wenyewe.

Jibu kwa kifupi ni kwamba kipimo kinajibu kile ulichokiuliza tu, basi. Hamna mashine wala kichupa cha damu kinachotoa namba ya uchovu. Hata watafiti wakitaka kuupima wanamuuliza mgonjwa mwenyewe, kwa maswali yenye alama, leo umechoka kiasi gani, kazi gani imekushinda. Maabara wanapima baadhi ya sababu za uchovu, na kwa kawaida wanapima chache sana.

Tuanze na damu maana hiyo kila mtu anapimwa. Chukua karatasi ya maabara ya mama wa miaka 30 hivi anaishi Sakina, hapahapa Arusha. Imeandikwa Hb 12.3, yani hemoglobini, ile protini yenye chuma inayobeba oksijeni kwenye damu, pembeni pameandikwa kiwango cha kawaida 12 mpaka 16, hamna nyota wala mshale, daktari anaitupia jicho anasema mama damu unayo. Kwa karatasi ilivyo hajakosea. Ila ile 12 ni mstari wa Shirika la Afya Duniani, WHO, kwa mwanamke asiye mjamzito anayeishi usawa wa bahari, yani Tanga, Dar, Lindi huko. Sisi Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu. Huku hewa ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani, kwahiyo oksijeni inayoingia kila ukivuta pumzi ni pungufu kidogo, figo zinalihisi hilo zinatoa homoni inaitwa erithropoietini, nayo inaamsha uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu zaidi. Mtu mwenye afya wa Arusha anatakiwa awe na hemoglobini juu kidogo kuliko mwenzake wa Dar.

Ndo maana mwongozo wa WHO wa 2024 unasema kwa anayeishi kati ya mita 1,000 na 1,499 utoe 0.8 kwenye namba yake kabla hujailinganisha na ule mstari. 12.3 toa 0.8 inabaki 11.5. Huyo mama ana upungufu wa damu na karatasi imesema yuko freshi! Akiwa ni mkazi wa Moshi mjini, mita 800 na kitu, unatoa 0.4, inabaki 11.9, bado yuko chini ya mstari japo kidogo, na ukipanda juu kwa kina Kibosho na Marangu unavuka mita 1,000 unarudi kwenye hesabu ya Arusha. Namba ileile, mkazi wa pwani, wa Moshi na wa Arusha, majibu hayafanani. Kwahiyo kumuuliza daktari "je hii namba mmeangalia na mwinuko wa huku?" ni swali halali kabisa, wala sio ujuaji.

Sasa tuseme umetoa hiyo 0.8 na bado uko juu ya mstari. Hapo watu wengi wanaishia, na mimi naona hapo ndo kwenye tatizo kubwa zaidi, maana hemoglobini ni chuma kilichoko kazini, kuna na akiba, imefungwa kwenye protini inaitwa ferritini, nyingi iko kwenye ini. Chuma kikianza kupungua mwili unakula akiba kwanza ili kuilinda damu, ni kama nyumba ambayo sufuria ya makande bado imejaa jikoni wakati ghalani mahindi yalishaisha. Kupima Hb peke yake ni kuchungulia sufuria. Na chuma hakifanyi kazi kwenye damu tu: ndani ya seli kuna mitokondria, ndo zinageuza chakula kuwa ATP ambayo misuli na ubongo vinaitumia kama nguvu, na vimeng'enya vyake kadhaa haviendi bila chuma. Ubongo nao unakitaka kutengenezea dopamini, ile kemikali inayohusika na hamu ya kuanza kitu. Kwahiyo mtu anaweza kuwa na damu ya kutosha na bado seli zake zina njaa ya chuma.

Kuna utafiti wa Ufaransa ulitoka 2012 naupenda kwasababu ulifanywa vizuri. Walichukua wanawake 198 wenye hedhi, wote wanalalamika uchovu usioeleweka, hemoglobini zao zote zaidi ya 12 ila ferritini chini ya 50. Kundi moja likapewa chuma miligramu 80 kila siku kwa wiki 12, lingine vidonge vinavyofanana lakini havina dawa, na hakuna mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapata nini mpaka mwisho. Alama za uchovu za waliopata chuma zikashuka asilimia 47.7, wale wa vidonge vitupu 28.8. Angalia hiyo namba ya pili vizuri. Kidonge kisicho na kitu kimepunguza uchovu kwa zaidi ya robo! Ndo maana mtu akinitumia ushuhuda wa unga fulani wa lishe, nilikunywa wiki mbili uchovu wote kwisha, mimi siwezi kukubali hapohapo, sio kwamba anadanganya, kapata nafuu kweli, ila hatujui kama ni unga au ni kule kutegemea kupona.

Hicho chuma kinaendaga wapi? Kwa wanawake kikubwa ni hedhi. Mililita moja ya damu ina chuma kama nusu miligramu, hedhi ikifika mililita 80, ambao ndo mpaka wa kuitwa nzito, zimeondoka miligramu 40, na utumbo kwa kawaida unafyonza miligramu 1 mpaka 2 tu kwa siku. Yani karibu mwezi mzima wa kula ni kulipa deni la siku tano. Ongeza mimba na kunyonyesha vilivyofuatana, ongeza minyoo ya safura inayonyonya damu utumbo mdogo, unaona mwenyewe.

Halafu chai. Pita soko la Kilombero hapa Arusha saa nne asubuhi, kina mama wa ndizi wamekaa kwenye vigoda, chapati mbili, bakuli la maharage, na kikombe kikubwa cha plastiki cha chai ya rangi imekolea mpaka nyeusi. Maharage yana chuma, lakini kile chuma cha mimea kinakamatwa na tanini za chai hukohuko tumboni kinapita zake, na chai iliyokolea ikinywewa na mlo wenyewe inaweza kupunguza ufyonzwaji kwa zaidi ya nusu. Sisemi muache chai, kwa baridi ya Juni ya Arusha nani ataacha. Isogeze tu, lisaa limoja baada ya kula, na kwenye hayo maharage au mnavu kamulia ndimu maana vitamini C inasaidia chuma kupenya. Chuma cha nyama na maini hakisumbuliwi sana na chai, na wazee wa Kichaga na kisusio chao, ile supu inayopikwa na damu ya mbuzi, wanakula chuma cha aina inayofyonzwa vizuri kuliko zote. Bitiruti ndo nasikitika, watu wanaikamua kila asubuhi kwa ajili ya ile rangi, lakini rangi sio chuma, chuma chake ni kidogo.

Ila tafadhali usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya damu kabla ya kupima ferritini. Kwa mtu mzima asiye na maambukizi, chini ya 15 WHO wanahesabu akiba imeisha, lakini ferritini hupanda yenyewe mwili ukiwa unapigana na ugonjwa, kwahiyo ukiwa na maambukizi mstari unapanda mpaka 70, na daktari asipolijua hilo atakwambia akiba ipo wakati haipo. Na mwanaume, au mama aliyekoma hedhi, akikutwa hana chuma swali la kwanza ni damu inavuja wapi, inaweza kuwa kidonda cha tumbo, inaweza kuwa uvimbe kwenye utumbo, ukimpa vidonge tu unaficha ugonjwa.

Upande wa pili wa hii habari ni maambukizi, na kwenye hili Moshi wana rekodi ambayo naona kila mtu wa kaskazini angeijua. Kati ya 2007 na 2008 watafiti walifuatilia watu 870 waliolazwa na homa kwenye hospitali za KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528, asilimia 60.7, walikuwa wameandikiwa malaria. Walipopimwa kwa undani malaria ndo iliyokuwa chanzo cha homa kwa watu 14, asilimia 1.6! Kwa wengine walikuta vitu ambavyo havipimwi kila siku: leptospirosisi (ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama kama panya), homa za kupe, bruselosisi, na homa ya Q ambayo ilikuwa kama asilimia 5 ya waliopimwa.

Bruselosisi inatoka kwenye maziwa yasiyochemshwa au kwenye kumzalisha ng'ombe na mbuzi kwa mikono mitupu, inaweza kwenda miezi kwa homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, mgongo na viungo kuuma, na uchovu mzito, dawa zake zinanyweka wiki 6 au zaidi sio siku tano. Homa ya Q nayo bakteria wake wanatoka kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, hasa wakati wa kuzaa, unaivuta kwa hewa tu. Uholanzi waliipata vibaya 2007 mpaka 2010, wagonjwa zaidi ya 4,000, chanzo mashamba ya mbuzi wa maziwa, na kilichowashangaza ni kwamba kama mtu mmoja kati ya watano aliendelea kuchoka miezi na miaka baada ya homa kuisha. Sasa fikiria ni watu wangapi huku kwetu tunafuga mbuzi mita tano kutoka mlango wa jikoni, mtu anaumwa homa anatibiwa malaria, homa inaisha, uchovu unabaki, na hakuna atakayeuunganisha na yule mbuzi aliyezaa mwezi uliopita.

Kwanini uchovu ubaki wakati mdudu ameondoka? Hapo sayansi bado inachimba, ila kipande kimoja kinajulikana vizuri. Kinga ya mwili ikipigana inamwaga kemikali zinaitwa saitokini, zikifika ubongoni ubongo unazima hamu ya kula, ya kuongea na watu, ya kusogea, ili nguvu zote ziende vitani. Kwahiyo uchovu wa ugonjwa ni amri inayotoka kichwani, misuli yenyewe inaweza kuwa nzima. Hili la kichwa na misuli Angelo Mosso wa Turin, Italia, alishaliona kabla ya 1891, alikuwa na mashine ya kupima kidole kinavyovuta uzito mpaka kishindwe, akampima mhadhiri mwenzake kabla na baada ya kuwahoji wanafunzi mtihani wa mdomo. Baada ya mtihani kidole kilishindwa mapema zaidi, na mtu alikuwa amekaa kwenye kiti tu anauliza maswali. Kwahiyo ukimwambia mtu "uchovu wako uko kichwani" ukimaanisha anaigiza, hujamwelewa na ubongo hujauelewa.

Sababu zingine nazipitia haraka: sukari, tezi ya shingo, TB, HIV, mimba changa, sonona, kukoroma kunakokata pumzi usiku, na baadhi ya dawa za presha. Hizo muulize daktari moja moja.

Ila kuna uchovu mmoja inabidi utofautishwe mapema, ule ambao ukijitutumua leo unaangushwa kesho au keshokutwa. Unafua nguo Jumamosi, Jumamosi hiyohiyo uko sawa, Jumatatu huwezi kunyanyuka. Mwanzoni mwa 2024 watafiti wa Amsterdam walitoa matokeo ya watu 25 wenye uchovu uliobaki baada ya korona na 21 wazima, waliwaendesha baiskeli ya mazoezi kama dakika 15 wakichukua vipande vidogo vya msuli wa paja kabla na baada. Kwa wagonjwa misuli ilionyesha uharibifu zaidi na mitokondria zao zilifanya kazi chini kuliko za wenzao. Vipimo vya kawaida vya damu haviwezi kukuonyesha hilo. Na Uingereza chombo chao cha miongozo ya tiba, NICE, Oktoba 2021 kiliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa wagonjwa wa uchovu sugu wa namna hii, baada ya miaka mingi ya kuyapendekeza.

Kwahiyo ukiingia kwa daktari usiseme "nachoka" ukanyamaza. Mwambie ulianza lini na kama kulikuwa na homa kabla yake, hedhi yako inatumia pedi ngapi kwa siku, maziwa unakunywa yaliyochemshwa au mabichi, nyumbani mna mbuzi au hamna, na hasa mwambie ukifanya kazi nzito siku ya pili na ya tatu yake unakuwaje, maana hilo asipoambiwa hawezi kulijua na anaweza kukuandikia kukimbia kila asubuhi.