Asilimia 95 Haiji na Kopo

Kila anayeandika kuhusu makopo ya soda na bia anaweka sentensi ileile: kurejeleza alumini kunaokoa asilimia 95 ya nishati. Inafuata picha ya gunia sokoni Kilombero, Arusha, na habari imekwisha. Sentensi hiyo inanikera kwa sababu wanaoisambaza wanaamini kazi imekamilika gunia likishapanda mizani. Kazi haijaanza. Fundi anayesubu sufuria kutokana na makopo hayo akiyeyusha vibaya, faida kubwa inateketea palepale kwenye tanuri, iwe Arusha au Moshi.

Namba yenyewe ni ya kweli. Tani moja ya alumini mpya hula takribani tani nne za boksiti, yaani mawe yenye madini ya alumini, na nyuma hubaki tope jekundu lenye magadi makali. Bwawa la tope hilo lilipobomoka Ajka, Hungaria, mwaka 2010, liliua watu. Kutenganisha alumini na oksijeni ndiko kunakomeza umeme: uniti 13 hadi 15 kwa kilo moja. Kilo hiyohiyo ikishakuwa alumini, kuipasha mpaka nyuzi 660 na kuiyeyusha kunahitaji, kwa hesabu ya darasani, chini ya theluthi moja ya uniti.

Sasa tuje kwenye kopo. Lina kama gramu 14, kwa hiyo kilo ni makopo 70 hivi, na ukuta wake una unene wa sehemu ya kumi tu ya milimita. Alumini nyembamba namna hiyo ukiitupa juu ya makaa, inaungana na hewa kabla haijayeyuka. Kifuniko ndicho huwahi kuharibika, maana kina magnesi, metali inayoungua upesi, nyingi kuliko kiwiliwili. Unabaki na unga wa kijivu, na unga huo si alumini tena. Kila gramu iliyogeuka unga italazimika kuzibwa na alumini mpya kutoka kwenye boksiti. Ukipoteza kilo mbili katika kumi, moja ya tano ya faida imekwenda, na mkaa bado hatujauhesabu.

Njia ya kuokoa alumini inajulikana. Pitisha sumaku kwanza. Kopo linalonasa ni la bati, si la alumini, liweke kando. Mwaga mabaki ya kinywaji, ponda makopo, kausha kabisa. Tone la maji likizama ndani ya alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kurusha moto usoni. Anza na vipande vizito, kama pistoni na vifuniko vya injini, mpaka upate dimbwi. Hapo ndipo uzamishe makopo kwa fimbo kavu iliyopashwa, yayeyukie chini ya uso, mbali na hewa. Yakiwa peke yake hayajazi kalibu vizuri, na silikoni iliyochanganywa kwenye alumini ya pistoni inasaidia alumini kutiririka. Usipite nyuzi 750, kwa kuwa alumini hunyonya gesi ya haidrojeni na sufuria itatoka na vitundu. Usikoroge ovyo. Chungu cha chuma kipakwe udongo ndani, la sivyo alumini inakila na sufuria inakuwa rahisi kuvunjika. Kama ni sufuria ya kupikia, usichanganye skrepa usiyoijua: madini ya risasi, ambayo ni sumu, yameshapatikana katika sufuria za namna hiyo nchi kadhaa za Afrika.

Halafu mkaa. Kinadharia gramu 40 zinatosha kuyeyusha kilo. Shimo lililo wazi, feni ikipuliza bila kipimo, hula mara nyingi zaidi ya hapo. Kilo moja ya mkaa ikiungua hutoa karibu kilo tatu za hewa ya ukaa, mbali na moshi wa tanuri la mchoma mkaa huko porini. Alumini mpya iliyotengenezwa kwa umeme wa maji hutoa kama kilo nne kwa kila kilo; ya makaa ya mawe inaweza kukaribia 20. Hapa ndipo shaka yangu ilipo, na vitabu vinapita haraka: asilimia 95 ni ya nishati, si ya hewa ya ukaa. Kopo lililotokana na umeme wa maji, likayeyushwa kwa mkaa wa msitu usiopandwa upya, huenda halituachii faida yoyote ya hewa. Likiwa la makaa ya mawe, faida ipo hata kwa tanuri baya.

Kwa hiyo funika tanuri, lizungushie udongo mnene, punguza feni alumini ikishayeyuka. Hatua hizo tatu zina uzito kuliko magunia kumi ya ziada. Takataka unayoiengua juu ikung'ute ikiwa bado ya moto, alumini iliyonaswa irudi chunguni. Inayobaki ihifadhi pakavu. Ikilowa hutoa amonia, na isitupwe kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji, ambao jirani wa chini anamwagilia migomba yake.