Eneobunge ni nini? Kisa cha Lang'ata na Kibra

Mtanzania husema jimbo, Mkenya husema eneobunge, na wote wawili wanazungumzia kitu kimoja: kipande cha nchi kilichochorewa mpaka ili watu waliomo wachague mbunge mmoja. Nchini Kenya neno jimbo lina historia yake. Mwaka 1963 nchi ilipata uhuru ikiwa na katiba ya majimbo, mfumo wa mikoa yenye mabunge yake uliopiganiwa na chama cha KADU na kufutwa mwaka uliofuata. Neno likabaki na harufu ya siasa za "kila mtu arudi kwao".

Katiba ya 2010 iliweka idadi yake kuwa 290, kutoka 210 zilizokuwapo. Namna ya kugawa ni hesabu ya shuleni. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 38,610,097. Gawanya kwa 290, upate 133,138. Hicho ndicho kipimo cha eneobunge moja. Hakuna anayetegemea kila mpaka uangukie namba hiyo barabara, kwa hiyo Kifungu cha 89 cha Katiba kinaruhusu majiji na sehemu zenye watu wachache kuzidi au kupungua kwa asilimia 40, na kwingineko asilimia 30. Wanaohesabiwa ni watu wote, si wapiga kura peke yao. Mtoto aliyezaliwa juzi hana kadi ya kura, lakini kwenye kuchora mpaka ana uzito uleule wa babu yake.

Sasa tazama Lang'ata, kusini-magharibi mwa Nairobi. Katika sensa hiyo ya 2009 ilikuwa na watu 355,188, zaidi ya mara mbili na nusu ya kipimo. Ndani yake zilikuwamo nyumba za Karen zenye bustani ambayo mgeni anaweza kupotea, mitaa ya South C, na pia Kibera yenye vyumba vya mabati vilivyobanana. Wote hao walikuwa na mbunge mmoja.

Wabunge wake wa zamani ni mchanganyiko wa aina yake. Mwaka 1974 alichaguliwa Mwangi Mathai, mumewe Wangari Maathai, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Katika kampeni aliahidi ajira, na mkewe, akitafuta namna ya kuitimiza ahadi hiyo, akaanzisha kampuni ndogo ya kupanda miti. Kampuni haikudumu, ila wazo la miti lilimfikisha mama huyo mbali kuliko bunge lilivyomfikisha mumewe. Mwaka 1979 kiti kikamwendea Philip Leakey, mtoto wa mtafiti wa mabaki ya kale Louis Leakey.

Kisha vyama vingi vikarudi, na mwaka 1992 akaingia Raila Odinga kwa tiketi ya FORD-Kenya. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Raila alipogombana na wenzake chamani na kuhamia NDP, hakuweza kwenda na kiti mkononi. Tangu 1966 sheria ya Kenya inasema mbunge anayekihama chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti chake. Alijiuzulu, akarudi kwa wapiga kura walewale katika uchaguzi mdogo wa 1997, na wakamrudisha. Akakishika kiti hicho hadi 2013, akipitia NDP, NARC na ODM. Vyama vilibadilika, mtu hakubadilika. Pale Lang'ata, Baba, kama wafuasi wa Raila walivyomwita, mwenyewe ndiye aliyekuwa chama.

Mwaka 2012 Tume ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ikapitisha kisu. Nairobi ilitoka maeneobunge 8 ikawa na 17, na Lang'ata ikakatwa mbili. Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise zilibaki na jina la zamani. Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley zikawa Kibra. Jina hilo ni la Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliowekwa pale na serikali ya kikoloni, na maana yake ni msitu. Tusichanganye, basi: Kibera ni mtaa, Kibra ni eneobunge, na ndani ya Kibra kuna watu wa Woodley ambao hawajawahi kulala chini ya bati.

Matokeo ya kisu hicho yalionekana haraka. Lang'ata mpya, iliyopoteza wapiga kura wa mabanda, ikawa kiti cha kugombaniwa kweli: Joash Olum wa ODM mwaka 2013, Nixon Korir wa Jubilee mwaka 2017, kisha Phelix Odiwuor, mtangazaji anayejulikana kama Jalang'o, akakirudisha ODM mwaka 2022. Kibra haikuyumba. Ken Okoth aliichukua kwa ODM mwaka 2013 na tena 2017, akajijengea jina kwa kushughulikia shule na karo kuliko kwa makelele ya jukwaani.

Okoth alifariki Julai 2019. Mbunge akifa, eneobunge haliongezewi mbunge wa jirani wala chama hakiteui mrithi. Wenyewe hupiga kura upya. Uchaguzi mdogo wa tarehe 7 Novemba 2019 ulivuta macho ya nchi nzima kwa sababu Jubilee ilimsimamisha McDonald Mariga, kiungo aliyewahi kuchezea Inter Milan. Awali alikataliwa kwa kuwa jina lake halikuonekana kwenye daftari la wapiga kura, baadaye akaruhusiwa. Watu wakauliza: mbona hata si mpiga kura wa Kibra? Sheria haidai hivyo. Mgombea lazima awe mpiga kura aliyeandikishwa, lakini popote nchini. ODM nayo ikahubiri kwamba Kibra ni chumba cha kulala cha Baba, na mgeni haingii chumbani. Imran Okoth, nduguye marehemu, alipata kura 24,636, Mariga 11,230, na Eliud Owalo wa ANC, aliyewahi kuwa mtu wa karibu wa Raila, 5,275. Mwaka 2022 tiketi ya ODM ilimwendea Peter Orero, aliyekuwa mwalimu mkuu wa Dagoretti High, naye akashinda.

Mipaka hii hutakiwa kupitiwa upya kila baada ya miaka 8 hadi 12. Miaka 12 ilitimia Machi 2024, wakati IEBC haikuwa na kamishna hata mmoja ofisini. Mstari uliotenga Kibra na Lang'ata ukabaki palepale ulipochorwa 2012, kwa hesabu ya watu wa 2009.