Waliompunguzia Kabaka nguvu ni vijana wa ikulu yake

Wengi ninaowafundisha historia ya falme za Maziwa Makuu huja na jibu mfukoni: Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda ya leo, alinyang'anywa madaraka na Waingereza mwaka 1900, basi. Mkataba wa Waingereza na Buganda wa mwaka huo ulikuwepo, tena mzito. Lakini ukiusoma huku unayajua yaliyoutangulia, unaona Mwingereza alikuta kazi imeshafika mbali. Walioianza ni Waganda wenyewe, vijana waliokulia ndani ya ua wa mfalme, na kilichowagonganisha naye kwanza kilikuwa dini.

Katika karne ya 19 karibu kila cheo kikubwa Buganda kilitoka mkononi mwa Kabaka. Chifu wa saza, yaani jimbo, alipewa eneo alitawale na ale humo, na akimuudhi mfalme alilipoteza siku hiyohiyo. Wazee wa koo walibaki na ardhi walikozikwa mababu zao, ila utawala ulikuwa wa watu wa Kabaka. Njia ya kupanda ilijulikana: mtoto wa kiume apelekwe ikulu, atumike, aonekane, apewe cheo. Ndiyo maana ikulu ilijaa vijana werevu wenye hamu ya kufika mbali, na hao ndio waliokuwa wa kwanza kujifunza kusoma.

Uislamu uliingia miaka ya 1840, zama za Kabaka Suna, pamoja na wafanyabiashara waliotoka Zanzibar. Mwanawe, Mutesa I, aliupokea kwa moyo: alifunga Ramadhani miaka kadhaa, akajifunza Kiarabu na Kiswahili, akaamrisha na watu wake wafunge. Lililomshinda ni tohara, kwa kuwa mila ilikataza damu ya Kabaka kumwagika. Vijana wake waliosilimu wakakataa kuswali nyuma ya imamu asiyetahiriwa, hata kama ni mfalme. Kisha wakakataa nyama ya ikulu, kwa sababu waliochinja nao hawakutahiriwa.

Nawaomba wasomaji wangu wasiipite hiyo nyama haraka. Kijana wa ikulu alikula cha Kabaka kwa sababu alikuwa wa Kabaka. Kukisukuma chakula kile ni kumwambia kwamba yupo mwingine anayeamua kipi halali na kipi haramu, na huyo hakai Mengo wala Rubaga, vilima vya ikulu. Mutesa alielewa vizuri. Mwaka 1876 wengi wao waliuawa Namugongo, karibu na Kampala ya leo, miaka kumi kabla ya Wakristo kuchomwa moto mahali hapohapo. Nawaheshimu mahujaji wanaofurika huko kila tarehe 3 Juni kuwakumbuka Wakristo hao. Natamani na wale Waislamu wakumbukwe kwa uzito uleule, maana wao ndio waliotangulia.

Waanglikana wakafika 1877, Wakatoliki 1879. Mafundisho yao ya mwanzo yalipita kwenye Kiswahili kwa kiasi kikubwa. Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar, alikuwa tayari yuko kwa Mutesa akimsomea Maandiko kabla mmisionari yeyote hajafika, na mmisionari wa Kianglikana Alexander Mackay naye alianza kwa kufundisha akitumia Injili za Kiswahili.

Mwanga, mwana wa Mutesa, alirithi kiti mwaka 1884 akiwa kijana wa miaka kama kumi na minane. Kuhusu mauaji ya Wakristo ya 1885 na 1886 mengi yameandikwa, nami sitayarudia. Linalonishughulisha ni alilofanya baadaye. Aliwaogopa machifu wazee aliowakuta kwa baba yake, akaunda vikosi vipya vya vijana wenye bunduki ili kuwakabili, na waliopewa uongozi wa vikosi hivyo wengi wao ni walewale vijana wa ikulu waliojifunza kusoma, Wakristo kwa Waislamu. Miongoni mwao alikuwemo Apolo Kagwa, aliyenusurika mwaka 1886. Kwa mkono mmoja mfalme aliwatia makovu, kwa mwingine akawatia silaha.

Septemba 1888 zikavuma habari kwamba anapanga kuwapeleka vijana hao wote kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria wakafie huko kwa njaa. Waislamu na Wakristo wakaungana wakamwondoa. Makabaka waliwahi kupinduliwa zamani, lakini na wana wa mfalme waliokitaka kiti. Safari hii watumishi ndio waliomfukuza bwana, wakachagua mwingine, wakagawana vyeo kwa kufuata dini. Mwanga akakimbilia kusini mwa ziwa, na hatimaye akahifadhiwa na mapadri wa Kifaransa Bukumbi, karibu na Mwanza.

Umoja ule haukumaliza miezi miwili. Oktoba Waislamu waliwafukuza Wakristo. Kabaka mpya, Kiwewa, ndugu wa Mwanga, akatakiwa kutahiriwa, akakataa, akaondolewa. Nduguye Kalema akakubali. Yaani sasa raia ndio waliompa mfalme sharti la mwili wake mwenyewe. Wakristo wakajipanga upya na kumrudisha Mwanga baada ya vita vya 1889 na 1890. Alirudi akiwa na deni kwa waliompigania.

Na deni lililipwa kwa vyeo. Waprotestanti na Wakatoliki waligawana ngazi za utawala, Kagwa akiwa Katikiro, waziri mkuu. Papo hapo ukazuka ugomvi ambao kwangu una uzito kuliko mapigano yote: chifu akibadili dhehebu, abaki na cheo chake au akiache? Waprotestanti walishikilia kwamba akiache. Hebu fikiri maana yake. Zamani cheo kilikuwa cha Kabaka, akitoe akirudishe. Sasa kimekuwa mali ya chama. Mfalme amebaki kushuhudia mgawo.

Kapteni Lugard, mjumbe wa kampuni ya Kiingereza, alifika Desemba 1890 na bunduki yake ya rashasha aina ya Maxim. Tarehe 24 Januari 1892, katika vita vya Mengo, aliwasaidia Waprotestanti kushinda. Wakatoliki wakapewa saza la Buddu, Waislamu wakaachiwa maeneo madogo. Mwanga aliasi mwaka 1897, akapinduliwa, na mwisho akafia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903. Tangu 1897 kiti kikakaliwa na mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, chini ya wasimamizi watatu: Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri.

Hao watatu ndio waliokaa na Harry Johnston, mwakilishi wa serikali ya Uingereza, kuuzungumza Mkataba wa 1900. Lukiko, baraza kuu la Buganda, likapewa wajumbe 89: mawaziri 3, machifu wa masaza 20, watu mashuhuri 3 kutoka kila saza, na wateule wa Kabaka 6. Sita tu! Lukiko ndilo lingemchagua Kabaka kutoka uzao wa Mutesa, na Mwingereza athibitishe. Kabaka akapangiwa posho ya pauni 1,500 kwa mwaka na maili za mraba 350 za ardhi. Machifu na wamiliki binafsi wakatengewa maili za mraba 8,000, ziwe zao na za watoto wao. Hapo ndipo kufuli lilipofungwa, kwani mfalme asiyeweza kumnyang'anya chifu ardhi hawezi tena kumtisha. Mwingereza alijichukulia sehemu nono, ikiwemo idhini ya mwisho juu ya maamuzi ya Lukiko, lakini mkono wa Kabaka ulifungwa pia na kamba ya Kiganda.

Mwananchi wa kawaida alipata nini? Aliamka asubuhi akajikuta mpangaji. Hata ardhi za makaburi ya koo zilichukuliwa na machifu katika ugawaji ule. Miaka ya 1920 wakuu wa koo, bataka, walipochoka, walikwenda kwa Kabaka Daudi Chwa kudai makaburi yao. Kabaka alikuwa upande wao. Lukiko likakataa, maana waliokaa ndani yake ndio waliokuwa na hati za ardhi hiyo, na serikali ya kikoloni nayo haikuirudisha. Walichopata wakulima ni sheria ya 1928 iliyowekea kodi za wenye ardhi kikomo na kuwakinga wapangaji wasifukuzwe ovyo. Makaburi yalibaki kwenye hati za watu wengine.